Kilichokuwemo Ndani ya Mfuko wa Msahafu

Leo nimeadhirika. Nimeadhirika hasa! Mashoga zangu wa skuli, nakuandikieni jua halijatua, na nakuombeni barua hii isisomwe kwa sauti chumba cha walimu. (Nakujueni.)

Mnajua kuwa hii ndiyo likizo yangu ya kwanza kuja kukaa kwa mama mkwe, Kizimkazi. Miezi mitatu tangu niolewe na Salum, na mama yake, Bi Mize, moyo haujamtulia juu yangu. Hanambii mimi, lakini maneno yanafika mjini. "Mwanangu kaoa mwalimu. Kiingereza anakijua, Qur'an sijui kama anaisoma." Basi nimekuja wiki moja nimuonyeshe.

Asubuhi nnafunga safari. Salum kashaniambia: kikapu kimoja tu, gari la shamba linajaa. Kikapu kimoja! Na mie nshapanga vitu kitandani. Sweta ya mtoto wa wifi, imebaki mkono mmoja. Kitambaa cha meza nilichoanza kukifuma tangu mwaka juzi (msiniulize). Na mfuko wa sufu ya kijani niliomfumia mama mkwe atilie msahafu wake. Halafu vitabu sita.

Salum kasimama mlangoni ananitazama. "Unakwenda kupumzika au unahama?"

"Sasa niache kipi?"

"Vyote."

Mwanamme huyu! Nikaanza kutoa, roho inaniuma. Kitambaa cha meza, toka. Kitabu cha historia, kizito kile, toka. Vikatoka vitano. Kikabaki kimoja nilichoazima, cha Kiingereza, cha mauaji, nami nimefika pahala patamu. Jaladani pana mwanamke wa kizungu, mabega wazi, bastola mkononi. Na kikapu kimejaa pomoni. Nikauona ule mfuko wa kijani, mtupu. Nikakitia humo. Kikaingia sawasawa! Nikajisifu njia nzima. (Mwalimu wa hesabu mie.)

Tukafika adhuhuri. Salum kasalimia, kaenda zake kuwatafuta rafiki zake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Basi, hapo hapo.

Nikenda uani kunawa vumbi. Narudi chumbani, Bi Mize kashafungua kikapu anipangie vitu, na mfuko kashauona. Kijani, umefungwa kamba, pembe za kitabu zimetokeza. Hakuugusa! Katoka, kenda kutia udhu. Karudi, kauchukua kwa mikono miwili, kaubusu, kauweka juu ya kabati.

"Mkaza mwanangu, kumbe umekuja na msahafu wako!"

Jamani, katabasamu. Tabasamu lile nalisubiri miezi mitatu. Nikafungua kinywa. "Mama, ule..."

"Leo alasiri tuna hitma, tumsomee Qur'an marehemu baba yake Salum. Wewe ndiye utakayetufungulia. Mungu kakuleta."

Nikafunga kinywa. (Najua! Ningesema pale pale. Nyinyi mngesema?)

Nikaazimia kukiiba. Kila nikisogea kabatini, anaingia mtu. Mara wifi anatafuta buli. Mara Bi Mize mwenyewe na jirani: "Huo hapo juu. Na mfuko kaufuma kwa mkono wake." Nikachoka kwa hasira, na wa kumkasirikia simuoni ila mimi.

Alasiri ukumbi umejaa wanawake, udi unafuka, kila mmoja ana juzuu yake ya Qur'an. Mie Bi Mize kaniweka mbele. Kaweka na marufaa, kile kibao cha kusomea msahafu, mbele ya magoti yangu, na juu yake kautua mfuko.

Nikafumba macho nikaanza Yasini kwa moyo. Nikaivuta kwa sauti nzuri, nikaona nimepona. Mara Bi Mosi, bibi mkubwa kuliko wote pale, akanikatiza.

"Mwanangu, mbona hufungui msahafu?"

"Naijua kwa moyo, bibi."

"Mashaallah. Lakini hitma haifunguliwi kwa Yasini. Tufungulie kwa Alhamdu, uingie Baqara. Na Baqara unaijua kwa moyo?"

Mie? Baqara nzima, sura ndefu kuliko zote?

"Anaona haya," Bi Mosi akasema. "Mfungulie, Mize."

Bi Mize akafungua kamba. Akavuta. Mzungu huyo na mabega yake, juu ya marufaa!

Bi Mosi akainama, akatazama kwa karibu.

"Huyu nani?"

Wifi kajifunika kanga uso mzima, mabega yanamcheza. Nikaeleza: kikapu, nafasi, mfuko ni zawadi. Maneno yanatoka hovyo na machozi juu. Bi Mize kanisikiliza mpaka mwisho. Kisha kakiviringisha kitabu kwenye kanga, kaenda ndani, karudi na msahafu wake. Kanifungulia mbele.

"Soma."

Nikasoma. Nimesoma, mashoga zangu, ukurasa kwa ukurasa, na hapana aliyepata pa kunisahihisha. Nilipotua, Bi Mize akamgeukia Bi Mosi.

"Kusoma anajua. Kufuma anajua. Akili ndiyo hana."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, hitma ikasimama! Na yeye kacheka, nimemuona. Sasa hivi msahafu wake umo ndani ya mfuko wangu, na haniiti mwalimu tena, ananiita mwanangu.

Kitabu kakifungia kabatini mpaka siku ya kuondoka. Kwa hiyo msicheke, nisaidieni: anayemjua muuaji aniandikie. Ila asiandike kwa Kiswahili, barua za nyumba hii anazifungua mama mkwe.