Kilo Mbili za Unga, Brussels

Jumanne, 23 Desemba 2014. Kenmore, kando ya Buffalo, Marekani.
Kesho tunaruka! Mimi na rafiki yangu Birindwa, siku nne Brussels. Yeye anakwenda kumwona shangazi yake, Mama Caritas, ambaye hajamtia machoni tangu Bukavu, Kongo, miaka kumi na sita. Mimi nakwenda kwa sababu Birindwa hajapata kusafiri bila shirika la wakimbizi kumshika mkono, na safarini lazima awepo mtu mwenye akili.

Harun wa Columbus, mshindani wangu wa siku zote, ameandika kwenye kundi letu la WhatsApp, bila kuulizwa na yeyote, kwamba Brussels imejaa wezi wa mifukoni. Anashauri tuvae pasipoti shingoni, kwenye kifuko, chini ya shati. Kifuko! Shingoni! Kama watoto wa chekechea! Nimemjibu aya nane. Hajajibu hata moja. Ametuma kidole gumba tu. Huo ndio upeo wa fikra zake.

Claris, mke wangu, anasema safari hii Harun amesema kweli. Amenipakia unga wa mahindi, mweupe, kilo mbili. Siwezi kula mkate asubuhi, mchana na jioni kwa ajili ya Mbelgiji yeyote.

Alhamisi, 25 Desemba. Brussels.
Krismasi. Baridi ya kitoto ukilinganisha na ya kwetu, lakini ina unyevu, inaingia kwenye mifupa kama umbea. Hoteli ndogo karibu na stesheni. Chumba kina jiko la meza na sufuria moja. Vizuri.

Tumetembea hadi Uwanja Mkuu. Majumba yamepakwa dhahabu mpaka juu. Nimesimama katikati na kumweleza Birindwa, kwa dakika arobaini, dhahabu ile ililipiwa na mpira wa nani kule Kongo na mikono ya nani iliyokatwa. Birindwa akasikiliza huku anapuliza vidole. Mwisho akasema, akiniita kwa jina la mwanangu kama kawaida yake, "Papa Tevin, ile ninayua. Ilikuwa bababu yangu, hapana yako. Bon, tupige foto."

Kwenye tramu mtu amenigusa kiunoni. Nimepapasa mifuko yote mara sita. Pasipoti ipo. Kitabu cha safari cha Birindwa, ambacho nakitunza mimi, kipo. Lakini je, kesho?

Maana kitabu kile, wanachosafiria wakimbizi badala ya pasipoti, si mchezo. Birindwa si raia wa Marekani bado. Bila kitabu hapandi ndege, na tarehe 6 Januari ana mahojiano ya uraia Buffalo, aliyoyangoja muda mrefu. Sandrine, mkewe, alinishika mkono uwanja wa ndege akasema nimrudishe mumewe. Nimeapa.

Nimepata dawa! Mwizi hutafuta pesa kwenye pochi. Nani anatafuta chochote kwenye unga? Birindwa alipokwenda kuoga nimefungua kitako cha paketi, nikatumbukiza vitabu vyote viwili ndani ya unga, nikabandika kwa gundi. Hata mtengenezaji asingejua. Birindwa akatoka, akauliza, "Ile kitabu yangu iko wapi?" Nikamjibu siri ya wawili si siri. Hakupendezwa.

Ijumaa, 26 Desemba.
Simwamini mfagiaji wa hoteli. Alitazama unga mara mbili. Kwa hiyo nimetembea na unga mgongoni mchana kutwa. Makanisa matatu, soko la Krismasi, daraja lisilo na mto. Kilo mbili ni nzito kuliko inavyosemwa.

Mlangoni pa jumba la makumbusho mlinzi akafungua begi. Akaona paketi. Akaminya. Poda nyeupe ikamrukia masharubuni. Wakaitwa walinzi wengine watatu. Birindwa akaeleza kwa Kifaransa kwamba ni chakula, na kwamba rafiki yake ni mtu wa vitabu sana, kwa hiyo wamsamehe. Mmoja akalamba kidole. Tukaachiwa. Nilitaka kuwapa hotuba kuhusu vinyago vilivyomo humo ndani vilivyoibwa, ila jasho lilikuwa linanitoka kwenye baridi ya sufuri.

Birindwa akauliza kwa nini tunatembeza unga mjini kama mtoto mchanga. Nikasema ni mazoezi.

Jumamosi, 27 Desemba.
Msiba! Msiba mkubwa!

Tumekwenda kwa Mama Caritas. Ghorofa ya tano, watu kumi na wanne ukumbini wanangoja. Mlangoni kabisa Birindwa akashtuka: kitenge alichomnunulia shangazi kimebaki kwenye tramu. Huwezi kuingia kwa shangazi wa miaka kumi na sita mikono mitupu. Hata mimi najua. Kabla sijageuka, mtu huyu amefungua begi mgongoni mwangu, amechomoa paketi. "Mama, tulikuletea bunga, inatoka mpaka Amerika!"

Vigelegele. Mama Caritas akaukumbatia unga, akalia. Birindwa akalia. Watu kumi na wanne wakalia. Nani amezaliwa na mama akapokonya zawadi kifuani mwa mwanamke anayelia?

Nikajitolea kupika ugali mwenyewe. Wakacheka mpaka wakashikana. Mgeni apike? Mama Caritas akasema Wakenya wana utani mzuri. Unga kama huu, akasema, hauliwi na familia moja. Ni wa karamu ya kwaya kesho. Akampa Polycarpe, shemasi wa kanisa lao. Polycarpe akauweka kwapani, akaaga, akapanda tramu. Nimemwona kwa dirisha. Pasipoti zetu zikapinda kona.

Birindwa hajui. Amecheka siku nzima na shangazi yake, sijapata kumwona hivyo. Nimwambie? Hapana. Nitautatua mwenyewe.

Jumapili, 28 Desemba.
Ndege ni kesho. Ibada ilianza saa nne. Saa tano nikajidai kukohoa, nikatoroka kwenda jikoni. Akina mama sita, masufuria makubwa, paketi za unga mezani, zote nyeupe, zote zimefunguliwa! Mkubwa wao, Agata, akauliza natafuta nini. Nikasema huwa tunabariki unga kabla ya kupikwa, ni desturi yetu Buffalo.

Wakainamisha vichwa. Nikaomba huku mkono wangu umezama kwenye paketi ya kwanza mpaka kiwiko. Hamna kitu. Nikaanza sala ya pili kwenye paketi ya pili. Agata akafungua jicho moja. "Papa, Mungu wenu hasikiake mara ya kwanza?"

Hapo hapo sauti ya Polycarpe ikatoka kwenye spika. Matangazo. La kwanza, mazoezi ya vijana. La pili, wakati wa kuchekecha unga wa karamu, vimeonekana vitabu viwili vya safari, jina Birindwa na jina Hesbon, yaani mimi. Wenyewe waje mbele.

Kanisa zima lilicheka. Nimekwenda mbele nikiwa na mkono mweupe mpaka kiwiko. Birindwa alikuwa amefika. Hakucheka. Alikifungua kitabu chake ukurasa kwa ukurasa, unga ukimwagikia viatu. Akasema taratibu, "Miye nilishakimbia bila karatasi mara mbili. Weye, Papa Tevin, haukukimbiaka hata siku moja."

Nikainama, nikamfuta unga viatuni.

Jumatatu, 29 Desemba. Angani.
Birindwa amenunua kifuko cha shingoni. Amekivaa JUU ya koti. Hajasema nami tangu jana, ila "sogea". Afisa wa mpaka amepiga chafya mara mbili akikagua kitabu, akagonga muhuri. Nimepumua kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Harun ameshajua, sijui kwa nani. Ametuma picha ya sahani ya ugali, bila neno.

Jumapili, 4 Januari 2015. Kenmore.
Amenisamehe! Birindwa amekuja kutoka kwake Riverside nimsaidie maswali ya uraia. Amesema akili yangu ya vitabu ni nzuri, ni ile nyingine iliyo na shida. Nimelipokea kama sifa. Ameniachia barua yake ya mahojiano niisome vizuri. Atapita kuichukua kesho jioni. Jumanne saa mbili asubuhi ndiyo siku yenyewe, na bila barua hapiti mlangoni.

Sitafanya kosa lile tena. Unga hauna maana, kwa sababu unga huchekechwa. Nimetafakari sana, nimeiweka barua mahali ambapo mwizi hawezi kuota. Gunia dogo la stoo, katikati kabisa, nikalishona tena.

Claris ameondoka mchana na akina mama wa kanisa kwenda msibani Louisville, mwendo wa saa nane kwa gari, atarudi Alhamisi. Wamebeba sufuria, leso, na gunia la chakula cha waombolezaji kutoka stoo. Nimemsaidia kupakia, mume mwema. Sasa nyumba imetulia na namwandikia Harun aya tisa kuhusu kufikiri mbele ya adui. Ya kwanza inasema: mwenye hekima hafichi kwenye unga, huficha kwenye maharagwe.

Ngoja.

Nilipakia gunia gani?