Kope za Mkurugenzi

Ndugu wananchi, Idara ya Usimamizi wa Nywele na Kope inajivunia kutangaza kwamba kuanzia sasa hakuna unywele utakaoota ovyo. Mimi ndiye katibu, na haya niliyashuhudia mwenyewe.

Mama Pacha, msusi wa saluni iliyo ng'ambo ya barabara, alileta ombi la kibali cha kuuza maji yenye peptidi, yaani vipande vidogo vya protini, ya kupaka kwenye nywele na kope.

"Yanasaidia tu ziote vizuri," alisema. "Kipara cha miaka ishirini, hapo sikuahidi kitu, baba."

Ukweli wa namna hiyo hatujauzoea ofisini. Tuliifunga saluni yake kwa kufuli, tukabaki na chupa sita za uchunguzi.

Uchunguzi ulichukua miezi mitatu, maana sayansi haitaki pupa. Mama Pacha alikuja kila wiki. "Katibu, wanangu watakula nini?" Nilimjibu kuwa mvumilivu hula mbivu. Nilisikia aibu kidogo, nikaiweka kwenye faili.

Siku ya uamuzi, Mkurugenzi alitusomea kanuni aliyoitunga mwenyewe. Maji yasipofanya kazi, ni utapeli: mahali yalipokutwa pafungwe. Yakifanya kazi, ni dawa isiyosajiliwa: mahali yalipokutwa pafungwe. Wajumbe tulipiga makofi.

"Sasa yamefanya kazi au hayajafanya?" akauliza Mama Pacha.

"Hata kidogo!" Mkurugenzi akapepesa macho. Kope zikagonga vioo vya miwani, tik, tik.

"Na hizo umezaliwa nazo, mzee?"

Mhudumu wa chai akaweka birika mezani. "Chupa zako zimo kwenye droo ya bosi, dada. Mbili zimeisha. Mimi ndiye ninayefuta vumbi mle."

Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Ofisi ya Mkurugenzi ilipaswa kufungwa papo hapo. Tatizo likawa moja: Idara nzima ina kufuli moja tu. Nikavuka barabara, nikalitoa mlangoni kwa Mama Pacha, nikaja kulitundika kwa bosi. Nilipochungulia dirishani, msusi alikuwa ameshakalisha mteja wa kwanza.

"Katibu, we' umerogwa?" Mkurugenzi alifoka koridoni, koti lake limefungiwa ndani. "Nakata rufaa!"

Nikamfungulia kifungu husika, kwa heshima zote. Rufaa hupokelewa na Mkurugenzi peke yake, akiwa ofisini kwake.