Masharti ya Chupa ya Mdomo Asali

Seremala ana randa, mshonaji ana cherehani. Mdomo Asali alikuwa na koo tu, na kwa sigara zake koo hilo lilishaanza kukwaruza kama bawaba yenye kutu. Wiki mbili mbele alikuwa na miadi na tajiri mmoja, aliyezungumza naye kwa simu tu, amuuzie kiwanja kisicho chake.

Siku hiyo alipita nje ya chumba cha mazoezi, akamsikia mwimbaji, Bi Kengele, akikohoa katikati ya wimbo. Madirisha yamefungwa, na mumewe, mpiga ngoma, anafuka moshi kama tanuri. Riziki hiyo, akasema moyoni.

"Dada, sauti yako haijafa, imesinzia tu." Akatoa chupa ya maji ya tangawizi. "Vijiko vitatu kila asubuhi. Ila ina masharti: siku kumi moshi wa sigara usiikaribie. Ukiikaribia, inageuka maji."

Masharti ndiyo mlango wa nyuma wa kila tapeli. Yule mume, alikadiria, hamalizi hata asubuhi moja.

Alisahau kumpima mke. Bi Kengele alilipa, akafungua madirisha, akamtoa mume na ngoma yake uani. "Piga hukohuko, baba watoto. Nakusikia."

Siku ya kumi na tatu Mdomo Asali alikuwa mtaa wa pili aliposikia sauti ya Bi Kengele ikipaa juu ya mabati, safi kama glasi iliyosuguliwa. Hapo akafanya jambo ambalo hata mama yake mzazi hakuwahi kulifanya: aliyaamini maneno yake.

Miadi ni kesho, koo limebaki mluzi, na ile dawa aliichanganya kwa kukisia, hawezi kuirudia.

"Dada," akanong'ona mlangoni, "imebaki?"

Bi Kengele akaitazama pakiti ya sigara mfukoni mwa mgeni. "Nusu. Lakini nimeizoea, ndugu yangu."

Mdomo Asali akavua saa. Bi Kengele akatikisa kichwa. Akavua viatu vya ngozi, vile vya kuuzia viwanja.

Bi Kengele akaingia ndani. Bomba likasikika likimwaga maji. "Nasuuza kikombe," akasema, akirudi na chupa. "Masharti unayajua?"

"Niliyatunga mwenyewe."

Akainywa yote kwa mkupuo, na kona ya kwanza tu, kwa furaha, akawasha sigara.

Kesho yake, kiwanjani, tajiri aliona mtu peku akimpungia mikono, mdomo wazi, sauti hakuna. Akamhurumia. Akamtia sarafu kiganjani, akaendelea kumngoja mwenye kiwanja.