Yah: Ombi la Kurudisha Usakinishaji wa Siku Mbili

Kwa Mwenyekiti LaVonne Brekke na Wajumbe,
Bodi ya Kaunti ya Elmquist, Minnesota.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Natumaini wewe na wajumbe mmeivuka salama baridi ya wiki hii. Mimi ni Arvid Niskala, msimamizi wa seva za kaunti kwa miaka ishirini na mbili. Jumanne ijayo, saa tatu asubuhi, Bodi itapiga kura kuifuta nafasi yangu, kwa sababu iliyoandikwa kwenye ajenda kwamba "kazi ya usakinishaji sasa inaweza kufanywa na karani yeyote." Sipingi ukweli wa sentensi hiyo. Ninacholalamikia ni kwamba imeachwa ikawa kweli.

Kwa wajumbe wapya: programu inayozungumziwa ni ile inayoigawa kompyuta moja kubwa, yaani seva, ifanye kazi kama kompyuta ishirini, kila moja ikidhani iko peke yake. Moja inatunza ramani za viwanja, nyingine leseni za mbwa, nyingine ratiba za magari ya kusafisha theluji. Malalamiko yangu ni haya:

1. Muda. Februari 2004 nilisakinisha, yaani niliiweka programu kwenye seva, kwa siku mbili. Programu ilikuja ndani ya sanduku, ikiwa na diski na kitabu kinene kuliko kile cha namba za simu. Kwanza ilibidi nisome orodha ya vipuri vilivyokubaliwa na mtengenezaji. Kadi yetu ya mtandao haikuwemo. Niliendesha gari hadi mji wa Duluth kwenye theluji, nikarudi na kadi iliyokuwemo, nikaanza upya. Kufikia 2011 kazi hiyohiyo ilikuwa ya flashi moja na saa moja. Mwezi uliopita ilipofika seva mpya, Marlys Hegstrom, karani wa Ofisi ya Ardhi, aliiwasha, ikajivutia programu yenyewe kupitia mtandao, ikasoma majibu yote kutoka kwenye faili lililoandikwa tayari, na ikawa tayari kwa dakika kumi na moja. Nilipima. Marlys alikuwa anakula keki.

2. Maswali. Programu ya zamani iliuliza maswali arobaini na moja. Iliniuliza tuko wapi duniani, nionyeshe kwenye ramani, kwa mshale usiotulia. Mara mbili nilituweka Meksiko. Mtu aliyejibu maswali arobaini na moja anaijua seva yake. Toleo la sasa linauliza matano, na mojawapo ni kama nakubali masharti. Nimekuwa nikikubali kwa miaka mingi, na sijui nimekubali nini.

3. Chakula. Siku za usakinishaji mifumo yote ilizimwa, watumishi wakakosa cha kufanya, na kila idara ikaleta bakuli lake la chakula cha kuokwa: nyama ya kusaga, maharage mabichi, supu ya uyoga ya kopo, na vipande vya viazi juu. Tulikula pamoja kwenye korido. Harlan wa Idara ya Barabara, ambaye hakuwa amemsalimu mtu tangu uchaguzi wa 1998, alinifuata hadi mlango wa chumba cha mashine, kinachopozwa kama friji, akaniambia, "Arvid, toka humo bwana, utaganda. Njoo ule." Siku hizi hakuna kinachozimwa. Kompyuta pepe, zile ishirini za ndani ya moja, zinahamishiwa seva nyingine huku zikifanya kazi, na hakuna anayejua kwamba lolote limetokea. Wiki iliyopita Harlan alipishana nami akauliza, "Hivi wewe, si ulishastaafu?"

4. Makosa. Desturi yetu ilikuwa kuchomoa nyaya za ghala kuu la diski kabla ya kuanza, kwa maana programu ya zamani iliweza kufuta diski yoyote iliyoiona na kuhamia humo. Mwaka 2007 nilisahau waya mmoja. Leseni 3,112 za mbwa zilifutika, na kwa siku tisa hapakuwa na mbwa halali katika kaunti nzima. Gazeti liliandika jina langu, tena bila kukosea herufi. Mama mmoja alinisimamisha dukani mbele ya watu: "Niskala! Mbwa wangu ni mhalifu kwa sababu yako!" Naomba wajumbe wanijibu: faili likikosea, mwananchi atamsimamisha nani dukani?

Kutokana na hayo, naiomba Bodi ipitishe kanuni zifuatazo:

(a) Usakinishaji wowote usipungue saa kumi na sita. Ukiisha mapema, msakinishaji abaki chumbani hadi zitimie.

(b) Programu iletwe kwa diski, moja ikiwa imekosekana kama zamani.

(c) Kila kipuri kiidhinishwe na kamati, na kamati hiyo ikae Duluth.

(d) Karani akithibitika kusakinisha chini ya saa moja, seva hiyo ifutwe na kazi ianze upya, pamoja na mabakuli.

(e) Sheria za jimbo zikizuia hayo yote, basi mifumo izimwe siku mbili kila mwaka bila kusakinisha chochote. Mimi nitakaa chumba cha mashine na koti langu. Watu waje wale.

Nabaki mtumishi wenu hadi Jumanne, na baada ya hapo mtakavyoamua. Msalimie mumeo Orrin, na wajumbe wote, pamoja na yule aliyeandika ajenda.

Wako mtiifu,
Arvid Niskala

N.B. Nilimpa Marlys barua hii anikagulie tahajia. Aliisoma yote, akaniuliza, "Arvid, na hilo faili la majibu aliliandika nani?" Nililiandika mimi, mwaka 2019, kwa wiki tatu, bila kuagizwa na mtu, ili kila Ijumaa niwahi mchezo wa kusukuma mawe kwenye barafu, unaoanza saa tisa alasiri. Lina mistari mia sita. Marlys anabonyeza kitufe kimoja. "Mimi nabonyeza tu," akasema. "Likigoma, nikimbilie kwa nani, mzee wewe? Nakuja Jumanne niwaambie." Nimemsihi asije, kwa sababu maelezo hayo yanaharibu hoja zangu zote. Anakuja. Basi Bodi ikiamua kunibakiza kazini, naomba kanuni (a) hadi (d) zitupwe na dakika kumi na moja zisiguswe. Timu yetu ya mawe imeingia nusu fainali.