Jaribio la Mashine za Kunusa Sarafu, Kiamunyi

Ifahamike kwa wote, kuanzia Keringet hadi Ndabibi, kwamba katika miaka kumi na tisa ya utumishi hakuna mali iliyowahi kupotea mikononi mwa karani Nicodemus Thuo. Tangazo hilo alilipiga chapa mwenyewe, akalibandika kwenye mlango wa ofisi, Nakuru, mwaka wa 1956.

Jambo lenyewe lilikuwa zito. Bwana DO, ofisa wa wilaya, alipenda kuchakura ardhi kila Jumamosi akitafuta sarafu za kale, kazi ambayo kuku huifanya bila kibali. Sasa alitaka mashine ya kunusa chuma, na zilikuwa mbili. Ya kwanza ilitoka jeshini, nzito kama ndama. Ikinusa chuma hulia kwenye visikizio kama mbuzi aliyekanyagwa. Ya pili ilikuwa mpya, nyepesi, ya kijani, na haikuwahi kusikika ikilia hata mara moja.

"Chombo cha Serikali hakifai kupayuka," Bwana DO alisema.

Hilo lilimtosha Nicodemus. Ya kijani ikishinda, yeye angefanywa Mtunza Mashine Mkuu, cheo chenye meza kando ya dirisha. Akaandika kumbukumbu za jaribio siku mbili kabla ya jaribio: ya kijani imeipata sarafu saa nne kamili, kwa shangwe. Bwana DO akatia sahihi ili kuokoa muda.

Uwanja uliochaguliwa ni kishamba cha viazi cha mjane Wariara, pale Kiamunyi, kwa kuwa udongo wake ulikuwa umeshalainishwa na jembe la mtu mwingine. Kanuni ilikuwa moja: uchimbaji utaendelea hadi sarafu ionekane.

Alfajiri Nicodemus alikabidhiwa rupia ya fedha ya babu yake Bwana DO akaizike. Alichimba shimo zuri. Kisha dhamiri ya kazi ikamshika. Fomu ya kutoa mali ilikuwepo, ya kurudisha ilikuwepo, ya kuzika haikuwepo. Karani mzima azike fedha bila fomu? Akafukia shimo tupu, na rupia akaifutika ndani ya soksi yake ndefu ya kufika gotini, chini ya mkunjo, kwa usalama wake.

Watu na wanakamati wa jaribio walipokusanyika, alisoma kumbukumbu kwa sauti. Kisha akaibeba ya kijani hadi penye shimo. Kimya.

"Imepata," akatangaza.

Wakachimba. Hamna kitu.

"Umande umeisogeza kidogo," Nicodemus akaeleza. Mstari wa pili wa viazi ukang'olewa, wa tatu, hadi wa saba.

Wariara akajishika kiuno. "Bwana mkubwa, karatasi inasema imepatikana?"

"Ndiyo, mama. Nimetia sahihi."

"Sasa mnatafuta nini kwa viazi vyangu?"

"Tunatafuta kile tulichopata," Bwana DO akasema, na wanakamati wakatikisa vichwa kwa hekima.

Zamu ikawa ya Kiprugut, askari mstaafu aliyeijua mashine ya jeshi tangu vitani. Akaipitisha shamba zima polepole, visikizio masikioni.

"Hapa hakuna kitu, afande."

"Andika kwamba ni mbovu," Nicodemus akamwambia karani mdogo.

Kiprugut akageuka kuitua. Ilipopita karibu na mguu wa Nicodemus, askari akaruka hatua moja nyuma, akang'oa visikizio, akampa Bwana DO. Bwana DO akasikiliza, uso ukamwiva.

"Ni misumari ya viatu, Bwana," Nicodemus akasema.

"Inalia kwenye goti," Kiprugut akajibu. "Karani amepigwa misumari hadi goti?"

"Na nani shahidi kwamba sikuizika?" Nicodemus akauliza. "Aje hapa."

"Nipo hapa tangu jogoo la kwanza," Wariara akasema. "Nilikuwa nang'oa magugu pale kwa mpaka. Ulichimba, ukatazama mbinguni, ukazika hewa, halafu ukavuta soksi. Nikafikiri ndio desturi ya ofisi. Shimo ni letu, fedha ni ya soksi."

Watu wakacheka hadi mashine ya kijani ikaangushwa; nayo haikusema kitu. Bwana DO aliitazama sahihi yake kwenye karatasi, akaikunja ile karatasi mara nne, akakosa pa kuitia.

"Vua," akasema.

Nicodemus akaketi juu ya rundo la viazi, akaanza kufungua kiatu, taratibu, kwa heshima ya kazi.

"Si mguu huo, mzee," Wariara akamwambia. "Ule mwingine."