Malalamiko Dhidi ya Shule Isiyotaka Mafanikio

Kwa Mkurugenzi wa Elimu,
Shule za Kisiwani,
Mombasa.

Ndugu Mkurugenzi,

MINTARAFU: MWALIMU NABIHA JAFFAR NA WANAFUNZI WAKE WANAOSOMA TU

Natanguliza salamu, kwa adabu niliyofundishwa nyumbani na ile niliyoongezewa ofisini. Sijawahi kukuandikia, na ningeachiwa hiari yangu nisingekusumbua hata leo. Bwana Kyalo, mkuu wa Kitengo cha Mafanikio, ndiye aliyeniagiza niandike kwa jina langu mwenyewe. Alisema malalamiko yakitoka kwa kijana hayaonekani kuwa na kinyongo. Alisema pia kwamba mkataba wangu utazungumzwa mwisho wa mwezi huu. Mambo hayo mawili aliyasema yakifuatana, nami sikuthubutu kuyatenganisha.

Kama ujuavyo, kila Ijumaa kabla ya sala ya adhuhuri, kila shule ya kisiwani hutuletea mafanikio matatu ya wanafunzi wake ya wiki hiyo. Mimi huyapanga, huyachorea nguzo za rangi kuonyesha nani amezidi, kisha Bwana Kyalo huyapeleka kwako. Kazi hii imekwenda vizuri tangu nilipoajiriwa. Shule moja ya Tudor, inayoongozwa na Mwalimu Terry, ndiyo tunayoitolea mfano. Wiki moja watoto wake wa Gredi ya Pili walivuka barabara kwa kujiamini, wakapewa vyeti. Wiki iliyofuata walivuka kurudi. Shule nyingine, ya Tononoka, ilitangaza kwamba imepokea wageni, na baadaye kwamba wageni wote waliondoka salama. Yote tuliyapokea na kuyachorea nguzo.

Ndipo Shule ya Msingi ya Kisima Kidogo, iliyoko Kibokoni, ikatuletea taarifa yenye maneno haya tu: “Wiki hii hatuna mafanikio. Tulisoma.”

Nilidhani ni makosa ya chapa. Nikampigia simu mwalimu mkuu, huyo Mwalimu Nabiha, nikamuuliza kwa upole kama hakuna hata moja. Akanijibu: “Mwanangu Huzefa, watoto walikuja, wakasoma, wakaenda kwao. Sasa wataka nikuzulie?” Nikamwambia hapana, ila wenzake hujitahidi. Akacheka, akaniambia nimsalimie mama yangu, akakata simu. Ijumaa iliyofuata alileta maneno yale yale, ila safari hii aliongeza: “Tulisoma tena.”

Kwa sababu hiyo nayaweka mbele yako malalamiko yafuatayo.

1. Ameharibu mchoro wetu. Penye nguzo ya Kisima Kidogo pamebaki pengo jeupe. Bwana Kyalo alidhani printa imeishiwa wino akanituma nikanunue mwingine. Nilipoweka wino mpya, pengo lilikuja jeupe zaidi kwa kuwa nguzo za jirani zilikolea.

2. Wanafunzi wake wanasoma bila mgeni wa heshima. Niliagizwa nikashuhudie mwenyewe, nikaenda Jumanne bila taarifa. Sikukuta hema, wala viti vilivyofungwa utepe, wala kipaza sauti cha kujaribiwa kwa kupulizwa. Langoni hapakuwa na mtoto hata mmoja aliyeshika shada la kunivisha. Nilisimama mlangoni pa Gredi ya Nne na faili langu, na darasa zima lilikuwa limeinamia vitabu. Mtoto mmoja, Haroun, aliinua uso, akanipa shikamoo, akarudi kwenye ukurasa wake kana kwamba mimi ni mtu tu. Ndugu Mkurugenzi, mimi ni karani wa mkataba, na bado katika shule nyingine nimeimbiwa nyimbo, nimetungiwa shairi lenye jina langu, nimelishwa mahamri kwa mbaazi wakati wa vipindi vya hesabu. Sililii mahamri. Nalilia utaratibu.

3. Maktaba yake iko wazi. Katika shule tunazozisifu, maktaba zimetunzwa vyema: zilifunguliwa na mgeni rasmi, zikapigwa picha, zikafungwa, na utepe wake bado unang'aa. Pale Kisima Kidogo vitabu vimechakaa pembe zote kwa sababu ya kushikwa. Mali ya umma inalika mchana kweupe, na mwalimu mkuu anatazama.

4. Anawaambia watoto kwamba wamekosea. Mwongozo wetu unataka mwanafunzi aliyekosea aelezwe kuwa “bado anafanikiwa.” Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia msichana aitwaye Umaima, mbele ya ubao: “Umekosea, mama. Futa.” Umaima akafuta, akakosea tena, akafuta, na chaki ikamjaa hadi kwenye nyusi. Hatimaye hesabu ile ya kugawanya ikamkubali, akapiga ukelele uliowafanya mafundi wa jengo la pili kuchungulia. Nikafungua faili upesi, maana hayo sasa yalikuwa mafanikio. Nikamuuliza Mwalimu Nabiha cheti kitaandikwaje. Akanitazama. “Cheti cha nini, Huzefa? Si ameshapata?”

Sikuwa na pa kuliandika jibu hilo. Fomu haina nafasi yake.

5. Kusoma huku hakukai ndani ya ukuta wa shule. Mtaani, shule moja jirani imetundika bango kubwa lenye picha za walimu wake na maneno HONGERA KWA KUWA BORA. Wazazi walikuwa wamelikusanyikia, wanapigana picha. Haroun akapita anatoka shuleni, akalisoma kwa sauti, kisha akauliza, “Bora kuliko nani?” Hakukusudia ubaya. Lakini watu waliacha kupigana picha, na baadhi walianza kulisoma wenyewe.

Mmoja wa waliokuwapo ni Bi Amtulla, mwenye duka la vitambaa, ambaye mjukuu wake anasoma kwa Mwalimu Terry na ana medali nyingi kuliko afisa wa polisi. Bi Amtulla alirudi nyumbani, akamshikisha mtoto mojawapo ya medali hizo, akamwambia aisome. Mtoto akamjibu, “Bibi, hii haisomwi, huvaliwa.” Kesho yake mama huyo alipanda ngazi za ofisi yetu na kunimwagia medali zote juu ya meza. “Mwanangu,” akasema, “mimi hizi nitazifanya nini? Nizishonee pazia?” Nilimweleza kwamba moja kati ya hizo ni ya Kungoja Medali kwa Subira, na si kila mtoto huipata. Hakufarijika. Bwana Kyalo alikuwa chumba cha pili na mlango wake ulikuwa wazi, lakini wakati huo akawa na simu ya dharura.

6. Anahatarisha riziki za watu. Mchonga vikombe wetu, Bwana Kavumbi, ana rafu nzima ya vikombe ambavyo vimeshachongwa neno BINGWA, vinangoja majina tu. Kuna waoka keki. Kuna wakodisha hema. Kuna kijana anayeishi kwa kuuza mashada ya nailoni langoni pa shule. Na kuna Kitengo cha Mafanikio chenyewe, chenye wafanyakazi kadhaa, ambao wa chini kabisa ni mimi. Watoto wote wa kisiwa wakianza kusoma hivi hivi, bila kutangazwa, Ndugu Mkurugenzi, sisi tutakuwa tunatangaza nini?

7. Jambo la mwisho ndilo zito. Wazazi wameanza kuwahamisha watoto kutoka shule zenye mafanikio na kuwapeleka kwenye shule isiyo nayo. Asubuhi vichochoro vya Kibokoni havipitiki kwa tuktuk. Tukikadiria kwa mwendo huu, tutafika mahali ambapo mafanikio yote ya kisiwa yatakuwa upande mmoja na wanafunzi wote upande wa pili.

Kwa kuzingatia hayo, ofisi inaomba mambo matatu.

Kwanza, Mwalimu Nabiha ahamishwe. Hati ya uhamisho imeshaandaliwa na imeambatishwa hapa. Inangoja sahihi yako tu. Bwana Kyalo amependekeza apelekwe kwenye bohari letu la samani, ambako kuna viti vingi na hakuna mtoto, ili ujuzi wake usimfikie mtu. Nilipomdokezea mwalimu habari hizi, maana niliona si uungwana azisikie sokoni, hakunigombeza. Aliuliza swali moja: “Na Gredi ya Nne wampa nani?” Nimelipeleka swali hilo kwa Bwana Kyalo. Amesema si la kitengo chetu.

Pili, wanafunzi wa Kisima Kidogo wapumzishwe kusoma kwa muhula mmoja, kwa heshima, hadi wenzao wawafikie. Haroun apewe muhula na nusu.

Tatu, ikiwa haitawezekana kuwazuia, basi kusoma kwao kuzinduliwe rasmi. Kiletwe hema, aje mgeni wa heshima, kitabu cha Haroun kifungwe utepe na utepe ukatwe. Kuanzia saa hiyo wahesabiwe kuwa wanajua kusoma. Waliyoyasoma kabla ya uzinduzi yatafutwa, kwa kuwa hayakushuhudiwa.

Nakuomba radhi kwa urefu wa barua hii. Bwana Kyalo aliniagiza nitoe sababu nzito, na kila niliyoitoa aliipima kwa mkono akasema bado nyepesi.

Nisalimie wa nyumbani kwako wote, wakubwa kwa wadogo. Msalimie dereva wako, ambaye kila mara hunionea huruma akaniambia ukiwa umekasirika. Wasalimie makarani wa ghorofa ya juu, na mama wa chai, na askari wa langoni anayenikumbusha kuvaa kitambulisho. Bwana Kyalo anakusalimu pia, ingawa ameomba barua hii isionyeshe kwamba ameiona.

Ni mimi niliye chini yako, na chini ya wengine wengi kabla ya kukufikia,

Huzefa Kaizar,
Karani wa Mkataba,
Kitengo cha Mafanikio.

Baada ya sahihi: Bwana Kyalo ameisoma barua hadi hapo juu, ameipiga muhuri na ametoka kwenda kula. Haya ya chini hajayaona.

Nina mdogo wangu, Sadaf. Anasoma shule nzuri, na kila Ijumaa jina lake huwamo katika taarifa yangu. Leo Jumamosi, kabla sijaja ofisini, mama alimvisha nguo za Idi akaniambia nimpeleke Kisima Kidogo nikamwombee nafasi. Nilimkumbusha mama kazi yangu ni ipi. Akasema kazi yangu anaijua, ndiyo maana ananituma.

Tulipanga foleni hadi nje kwenye baraza. Mbele yetu alisimama mwanamke aliyemshika bintiye mkono na kuupa ukuta uso. Alikuwa Mwalimu Terry wa Tudor. Hatukusalimiana. Naamini ilikuwa kwa adabu, pande zote mbili.

Zamu yetu ilipofika, Mwalimu Nabiha hakutaja uhamisho. Alimpa Sadaf kitabu akamwambia amwonyeshe herufi ya kwanza ya jina lake. Sadaf alikigeuza kitabu, akakigeuza tena, kisha akanitazama mimi nimwonyeshe. Mwalimu akamwambia, “Hujui. Si neno. Njoo Jumatatu, mimi mwenyewe nitakufundisha.” Lilikuwa limebaki dawati moja, la dirishani. Sadaf alikwenda kulikalia papo hapo na hakutaka kuondoka.

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, naomba kwa unyenyekevu ombi la kwanza likataliwe. La pili na la tatu vilevile. Malalamiko yote saba ni ya kweli, sikuongeza kitu, ila nakuomba usiyafanyie kazi. Ukiwa umeshaipeleka kalamu kwenye ile hati, tafadhali iondoe.

Mkataba wangu unazungumzwa mwisho wa mwezi, najua. Jumatatu ni kesho kutwa.