Upinde wa Maji Mlangoni kwa Saliha

Jumatatu, 5 Agosti

Nimeahidi. Neno limeshatoka mdomoni, halirudi.

Ilikuwa jana, hapa mtaani kwetu Buyenzi. Wakwe walikuja kukamilisha mipango ya harusi ya mdogo wangu Saliha. Huyu akataja gari, yule akataja maturubai, mwingine mbuzi wa pilau. Kila mtu alikuwa na la kuleta. Mimi, kaka mkubwa wa bibi harusi, sikuwa na kitu. Nikakumbuka video niliyoiona kwenye simu. Ndege mpya inatua, magari ya zimamoto yanairushia maji kutoka pande mbili, maji yanakutana juu, ndege inapita chini yake kama mfalme. Nikasema maharusi watapita chini ya upinde wa maji. Jumamosi. Hapo mlangoni.

Kisha Mzee Huseni, baba mdogo wa bwana harusi, akauliza magari ya zimamoto nitayatoa wapi. Nikamjibu sihitaji magari. Nina bunduki za maji.

Ninazo kweli. Nauza vitu vya kuchezea watoto, nanunua kwa wafanyabiashara wa Gatumba, mpakani. Katoni nzima ya bunduki imenidodea.

Mzee Huseni akasema ni jambo jema, ila upinde una miguu miwili. Mguu wa pili atausimamia mtu wao, Sikuzani, binamu wa bwana harusi. Nikacheka moyoni. Sikuzani ni fundi wa baiskeli. Anajua nini kuhusu maji?

Jumanne, 6 Agosti

Nimejaribu bunduki ya kwanza. Maji yameruka kidogo, yameanguka juu ya kiatu changu. Mtoto akipiga chafya anafika mbali zaidi.

Haidhuru. Kosa ni tundu, dogo mno. Tundu likiwa kubwa, maji yatatoka mengi. Yakitoka mengi, yatakwenda mbali. Nimepasha msumari moto kwenye makaa ya Mama, nimepanua matundu ya bunduki nne.

Sasa zinakojoa. Sina neno lingine la kuandika.

Mama amesema bomba limekauka, maji anayabeba kwa bido, lile dumu la plastiki, kutoka avenyu ya pili, na mimi nayamwaga uani. Nimemwambia ni kwa ajili ya Saliha. Amesema Saliha anataka kuoga.

Jumatano, 7 Agosti

Leo nimepita mbele ya karakana ya Sikuzani. Kwa bahati tu. Mara nne.

Foleni ya baiskeli ni ndefu kwa sababu mafuta ya gari hayapatikani, mji mzima unakanyaga pedali. Lakini mchana, wateja walipokwenda kula, akatoa bunduki yake. Ni ya plastiki, ya kijani, sawasawa na zangu. Pengine aliinunua kwangu. Akaielekeza juu.

Nimeona. Maji yalitoka membamba kama uzi. Yakapanda hadi juu ya paa la duka, yakapinda taratibu, yakashuka ng'ambo ya barabara, karibu na mama muuza ndizi. Hata tone moja halikumgusa. Aliinua uso, akatabasamu.

Sijapata kuona maji yenye adabu vile. Nimechukia sana. Nimebaki nimesimama nikingoja arushe tena.

Alhamisi, 8 Agosti

Mpango wa leo: kuiba siri. Nimetoboa mpira wa baiskeli yangu mwenyewe, nikaikokota hadi karakana. Nikaketi karibu na meza yake, macho kila upande. Nilikuwa nimeandaa uongo wa aina tatu.

Sikuzani akachomoa msumari, akaugeuza kwenye mwanga.

"Musumari huyu ni mupya kabisa," akasema. "Twahiru, kama ulitaka kuona bunduki, ungeniambia tu."

Akaileta. Akanifungulia kila kitu. Ametoa kile kitangi kidogo cha kiwandani, mahali pake ameweka chupa ya soda. Kwenye chupa amefunga valvu ya mpira wa baiskeli, anajaza upepo kwa pampu. Mbele, badala ya tundu la zamani, ameingiza mrija mwembamba wa kalamu ya wino, ameufunga kwa utepe wa mpira na gundi. Hakuna kitu hapo ambacho sikukipita leo njiani kikiwa takataka. Na kila kiungo kimekaa kama kimezaliwa pale.

"Maji inakimbia kwa sababu iko na kitu nyuma inaisukuma," akasema. "Si kwa sababu mulango ni mukubwa."

Nilizifikiria bunduki zangu nne pale nyumbani, zenye milango mikubwa.

Akanipa na valvu mbili za bure. Akanionya: chupa ikishakuwa ngumu kama mpira wa kandanda, niache hapo. Nisiongeze upepo.

Nimerudi nyumbani na siri yote mfukoni. Raha ya kuiba sikuipata. Na uongo wangu wa aina tatu umebaki mzima, haukutumika.

Ijumaa, 9 Agosti

Baada ya sala nimejifungia uani na gundi. Mrija ulipinda mara ya kwanza. Mara ya pili nilijigandisha kidole kwenye chupa. Alasiri bunduki imekamilika. Nimepiga pampu mpaka chupa ikawa ngumu kama mpira, nimevuta.

Maji yameruka ukuta. Yameruka ukuta, yamekwenda kuanguka kwenye taulo za jirani yetu Bonfils, kinyozi, alizokuwa amezianika. Bonfils alichungulia kwa hasira, akaona kilichotoka, hasira ikamwisha. Mama, ambaye tangu Jumanne ananipimia maji kwa kikombe, alikuwa amesimama mlangoni.

"Rudia," akasema.

Nimerudia mpaka bido ikaisha.

Jioni nimewaza. Uzi wa Sikuzani unavuka barabara. Wangu, kwa makadirio yangu, utaishia katikati. Chupa ngumu kama mpira inafika pale. Chupa ngumu kama jiwe itafika wapi? Na kwa nini yeye aliniambia niache? Anaogopa kushindwa. Hakuna maelezo mengine.

Jumamosi, 10 Agosti

Saliha ameolewa. Hilo kwanza.

Ndoa ilifungwa vizuri. Ilias, bwana harusi, alijibu kwa sauti ndogo, Saliha kwa sauti kubwa. Ukafika wakati wa kutoka. Nilisimama kulia kwa mlango, Sikuzani kushoto, amevaa kitenge kipya, bunduki mkononi. Akatazama chupa yangu.

"Twahiru, punguza upepo."

Nikajifanya ngoma zimenizidi masikio.

Maharusi wakatokea. Uzi wa Sikuzani ukapanda. Nami nikavuta.

Kifuniko kiling'oka. Chupa iliruka nyuma, ikapita juu ya kofia ya Mzee Huseni, ikatokomea kwa Bonfils. Maji yote yaliniingia kwenye ukosi wa kanzu. Saliha akasimama. Nikayaona macho yake. Alikuwa amewaambia rafiki zake wote habari ya upinde, na sasa upinde una mguu mmoja, na mguu mmoja si upinde, ni bomba lililopasuka.

Ndipo Sikuzani akafanya lile ambalo bado naliwaza. Alipiga hatua moja mbele, akainua mtutu kidogo tu. Uzi ukarefuka. Ukavuka mlango mzima kwa juu na kuja kushuka kwangu, kwenye ncha ya bunduki yangu tupu. Hapo hapo.

"Inua bunduki," akanong'ona.

Nikainua. Aliyekuwa barabarani aliona maji yanatoka kwake na kwangu na kukutana juu. Yalikuwa yananiingia kwenye mkono wa kanzu na kutokea kiunoni. Sikutikisika. Saliha akapita chini, akatoa kiganja kudaka matone, akacheka. Wanawake wakapiga vigelegele. Hata Mama.

Mzee Huseni alinishika mkono uliolowa. Akasema hajapata kuona watu wawili walioelewana vile. Sikuzani alikuwa nyuma yake, ananitazama. Nilitaka kusema kweli.

"Ni mazoezi tu, Mzee," nikasema.

Sikuzani akainamisha kichwa. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

Wageni walipopungua nilimfuata, nikamshukuru. Akasema, "Mi sikukusaidia we. Nilisaidia Saliha." Akaondoka hatua chache, akageuka. "Lakini ulisimama muzuri."

Jumapili, 11 Agosti

Bonfils amekuja asubuhi. Mwezi ujao pacha wake wanabatizwa, Chance na Lisette, naye anataka upinde kama wa jana. Nimemwambia upinde umepitwa na wakati. Kwa pacha, maji yataandika majina yao hewani.

Ameuliza kama inawezekana. Nimemweleza kwamba jana shida ilikuwa chupa, ndogo mno kwa upepo wangu. Wale wanaoosha magari mtoni wana pampu ya mota. Hakuna aliyewahi kuifunga kwenye bunduki ya kuchezea, kwa sababu watu ni waoga. Bonfils amefurahi, ameshawatangazia shemeji zake.

Mimi nitaandika Chance, jina fupi. Lisette lina t mbili, linataka mkono uliotulia. Hilo nimempangia Sikuzani.

Sijamwambia bado.